Gari Jekundu la Viti Viwili

Nakumbuka siku moja, siku ya Ijumaa, na kabla sijaisimulia nitawataja wote waliokuwepo, maana wengi wao hawana tena kinywa cha kujitajia. Alikuwepo Mzee Salehe, mchukuzi wa mizigo na abiria mjini Meru, aliyekuwa tajiri yangu. Alikuwepo Fundi Bakari, aliyetengeneza magari katika ua wa Mzee Salehe. Alikuwepo tata Ciarunji, dada ya mama yetu, aliyeolewa upande wa Embu, na jirani yake aliyeitwa Wawira. Alikuwepo askari mmoja wa langoni ambaye jina lake sikulijua. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Mwiti na Gatwiri. Na nilikuwepo mimi, Kirimi, kifungua mimba wa nyumba yetu, mwenye miaka kumi na tisa, leseni mpya mfukoni na kichwa kisichokuwa na leseni ya kitu chochote.

Mwanangu, umenitumia picha mbili kwenye simu. Moja ni ya spoti ya zamani, ya viti viwili, imepakwa rangi mpaka mti wa jirani umeonekana ubavuni mwake. Nyingine ni ya gari la juzi juzi, la milango minne, gari la kawaida ambalo ukiliegesha sokoni utalitafuta nusu saa kwa kuwa yote yanafanana. Fedha zako zinatosha moja tu. Una mke, na mtoto wa pili yuko njiani, nawe unaniuliza mimi niliyeshika usukani maisha yangu yote, uchukue lipi. Ningeweza kukujibu kwa neno moja. Lakini jibu fupi husahaulika kabla ya jioni, kwa hiyo keti, nikupe refu.

Baba yetu alianguka kutoka mtini akitundika mzinga wa nyuki, akafa siku ya tatu. Mama hakumaliza mwaka baada yake. Mimi nilikuwa darasa la nne. Nilimrudishia mwalimu kitabu chake cha kusomea, nikamwambia nitakuja kukichukua muhula ujao, na muhula huo mpaka leo haujafika. Tata Ciarunji alikuja kutoka Embu kwa miguu, safari ya siku mbili, akasema atakwenda kukaa kwake na wale wadogo wawili mpaka nitakapopata uwezo wa kuwalisha. Nikashuka mjini Meru. Mzee Salehe alinipokea uani kwake niwe nikiosha magari. Baada ya ndoo nikapewa spana, baada ya spana nikapewa usukani. Sikuwa hodari kuliko wengine, ila nilikuwa siondoki. Wenzangu walikwenda na kurudi, mimi nilikuwepo. Mwenye wadogo wawili kwa watu hana ruhusa ya kuchoka.

Ndipo ikaja Hali ya Hatari ya serikali ya wakoloni. Wewe umeisoma shuleni, mimi nimelala na kuamka nayo. Kule Embu watu walitolewa mashambani mwao wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Kuingia ni kwa lango, kutoka ni kwa pasi. Hata mtu wa kutoka Meru kwenda kumjulia hali tata yake aliomba ruhusa kama anayekwenda nchi ya ng'ambo. Basi nikakaa miaka miwili bila kuwaona watoto. Habari zao nilizipata kwa madereva wa malori, na habari ya dereva wa lori, mwanangu, ni kama uji uliopita vikombe vitano.

Siku moja ikaja habari iliyonyooka. Tata alikuwa amesema hivi: mume wangu amechukuliwa, shamba liko nje ya handaki na siruhusiwi kulilima zaidi ya saa mbili kwa siku, chakula hakitutoshi. Kirimi aje achukue wadogo zake.

Mzee Salehe alikwenda ofisini kwa Bwana Disii, mkuu wa wilaya, siku nne mfululizo. Siku ya nne alirudi na karatasi. Iliandikwa dereva mmoja na watoto wawili kwa majina yao, siku moja tu, tangu kafyu inapoisha asubuhi hadi inapoanza jioni. Akanipa akiishika kwa mikono miwili.

"Kirimi mwanangu, karatasi hii nimeinyenyekea mpaka nimeona haya," akasema. "Haipatikani mara ya pili. Magari yote mawili yapo, funguo ziko msumarini. Nenda, uniletee watoto hao nile nao."

Sasa nikueleze hayo magari mawili, maana hapo ndipo swali lako lilipo.

La kijivu Mzee alilinunua jipya mwaka ule. Lilikuwa la milango minne, na benchi lake la nyuma lilikaa watu watatu, wanne wakipendana. Lilikwenda Nkubu na Chuka kila wiki, limepakia mama wenye watoto mgongoni, kuku waliofungwa miguu, magunia ya maharagwe ya njahi. Ndani lilinuka watu. Mlio wake ulikuwa kama jiwe la kusagia mtama, mmoja tu asubuhi hadi jioni, bila wimbo. Ukilikanyaga mafuta lilifikiri kwanza. Lakini lilisimama juu, springi zake zilikuwa nene, na matope ya msimu wa mvua liliyatafuna polepole kama ng'ombe anayecheua. Halikuwahi kunilaza njiani hata mara moja, nami sikuwahi kulishukuru hata mara moja.

Jekundu lilikuwa zee, lilitengenezwa kabla ya ile vita kubwa. Mzungu mmoja mkulima wa upande wa Timau alilileta likiwa limekufa ringi za injini, kisha akarudi kwao akamwachia Mzee. Mwanangu, hata leo mikono hii ikilala juu ya blanketi huota usukani ule. Mbele kulikuwa kurefu kama uso wa farasi, boneti limefungwa kwa mkanda wa ngozi. Magurudumu yalikuwa ya vyuma vyembamba kama vya baiskeli. Mlango uliishia chini ya kiuno, na ukikaa uliweza kunyoosha mkono ukagusa nyasi za kando ya barabara. Halikuwa na paa ila turubai ambalo hakuna mtu angekubali kulifunga jua likiwaka. Ulikuwa ukifikiria kona, likawa limeshapinda. Na sauti yake! Gia ya pili kupanda ya tatu, pale kwenye mlima, lilitoa mlio uliokufanya uhisi kwamba umezaliwa na watu wakubwa.

Sitakudanganya ili nasaha yangu ipite kirahisi. Kama gari lingekuwa kiumbe kinachoishi kwa ajili yake mwenyewe, jekundu lingeshinda asubuhi na jioni. Walio na vijana wao huwaambia kwamba vitu vizuri ni vibaya. Si kweli. Kizuri ni kizuri, na kukitamani si dhambi. Swali ni siku uliyokitamani ilikuwa siku ya nani.

Asubuhi ile Fundi Bakari alikuwa amechuchumaa kando ya jiko akinywa chai ya rangi. Aliniona nimeshika ufunguo.

"Leo unakwenda na lipi, dereva mkubwa?"

"Na jekundu. Mzee alisema lipate barabara ndefu, ringi mpya zikae."

"Ringi zikae!" Akaweka kikombe chini. "Na watoto watakaa wapi?"

"Ni wadogo, Fundi. Mmoja kitini, mwingine mapajani mwa mwenzake."

"Umewaona lini hao watoto?"

"Mwaka juzi."

"Basi wewe unakwenda kuchukua watoto wa mwaka juzi. Wa leo nani atawachukua?"

Nikacheka. Naye akacheka, lakini hakuondoa macho yake usoni mwangu.

"Sikiza, Kirimi. Hilo ni jogoo. Linawika vizuri, hata mimi nalipenda. Lakini siku ya kuhama mzigo hubebeshwa punda. Rudisha huo ufunguo."

Wahenga walisema usiache mbachao kwa mswala upitao. Nilikuwa naijua methali hiyo, ningeweza hata kukuandikia ubaoni. Nikaingia katika lile jekundu, nikaondoka.

Sababu ya ringi ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa sababu. Sababu ni hii: nilikuwa nimeondoka kwa tata nikiwa mtoto aliyefiwa, aliyevaa kaptura ya kushonewa viraka viwili. Nilitaka niingie katika kijiji kile nikiwa nimeketi ndani ya kitu chekundu. Nilitaka wadogo zangu wanisikie kabla hawajaniona. Nilitaka waseme, kumbe ndugu yetu hakupotea bure. Mwanangu, hakuna njaa mbaya kama njaa ya kutaka kuonekana umeshiba.

Nilipanga kufika saa nne. Gari la mbio, nikajiambia, litanipa muda wa kukaa na tata na kunywa uji wake. Lakini kizuizi cha kwanza cha askari kilinishusha.

"We! Zima! Hii gari ni ya nani?"

"Ya tajiri yangu, Mzee Salehe wa mjini."

"Salehe ana ile ya kijivu, hiyo tunajua. Hii ni ya mzungu. Mzungu yuko wapi?"

"Amerudi kwao."

"Amerudi kwao akakuachia wewe gari. Wewe ni mtoto wake wa kwanza ama wa mwisho?"

Wenzake wakacheka hadi wakashika magoti. Nami nikacheka, maana mwenye bunduki akitania, cheka. Wakanichelewesha, wakanipitisha. Kizuizi cha pili, kabla ya kuteremka mto Thuchi, hapakuwa na utani. Walinivua viatu, wakanikalisha kwenye nyasi, wakasema tungoje afisa aje alitazame gari hilo mwenyewe. Nikakaa. Malori yakapita. Basi kuukuu likapita na mbuzi darini. Likapita hata gari la kijivu, si la kwetu, ila pacha wake, na askari wakalipungia mkono bila kulisimamisha. Mimi mwenye gari la kukimbia nilikuwa nimekaa chini kama boga, natazama magari ya kutambaa yakienda zake. Afisa alikuja saa sita. Akasoma pasi yangu, akalizunguka gari mara mbili, akauliza linakunywa mafuta kiasi gani, akaenda.

Niliingia kijijini saa saba. Na kweli walinisikia kabla hawajaniona! Watoto walijaa langoni. Katikati yao nikaona kijana mmoja mwembamba, miguu mirefu kama ya korongo, ananitazama kwa haya. Niliangalia nyuma yake nikimtafuta Mwiti. Ndipo akaniita jina langu, na sauti ilikuwa imeanza kuvunjika. Ndiye alikuwa Mwiti, miaka kumi na mitatu. Njaa haikumzuia kurefuka, ilimnyima unene tu.

Gatwiri alikuwa na miaka saba. Tata alikuwa amemwogesha tangu alfajiri na kumpaka mafuta mpaka paji la uso likang'aa. Alikuwa ameshika kifurushi cha kitambaa, ndani yake mna kibuyu kidogo na vazi lake la pili. Alilizunguka gari, akalinyooshea kidole kimoja bila kuligusa.

"Linachoma?" akaniuliza.

"Halichomi. Ni rangi tu."

Akaligusa. Akatabasamu. Tata alikuwa analia kwa furaha, na jirani yake Wawira, mwanamke aliyekuwa amezika watoto wake wote wawili mwaka ule, alikuwa ameshika ungo akipepeta, anatutazama kama atazamaye moto wa nyumba ya mwingine akiwa na baridi.

Nikamkalisha Mwiti kitini. Magoti yake yakafika kwenye vioo vya mishale ya mwendo na mafuta. Nikamweka Gatwiri mapajani mwake. Askari wa lango, mmoja wa wale walinzi wa kijiji, akaja na kijitabu.

"Huyo mdogo ashuke."

"Ana pasi, afande. Majina yote mawili yameandikwa."

"Naona majina. Sasa nionyeshe kiti chake." Akagonga mlango kwa kijiti. "Mtu mmoja, kiti kimoja. Juzi gari lilitoka hapa na watu watano likafika na wanne, na mimi ndiye niliyechapwa. Ungekuwa na ile ya milango minne ningekupitisha hata na huyu mama."

"Nimwone mkubwa wako."

"Mkubwa alikuwa hapa asubuhi yote. Ni mtu wa huruma, angekuelewa. Ameondoka saa tano. Ulikuwa wapi, kijana?"

Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, mwanangu, bila viatu, kwa ajili ya rangi.

Tata akasema nilale, nitoke kesho. Lakini pasi ilikuwa ya siku ile. Kesho yake mimi, Mwiti na gari tungekuwa wahalifu. Ikawa lazima nichague, na ilibidi nichague upesi kwa kuwa jua halingojei wanaokosea. Nikafikiri kama watu wetu wanavyofikiri. Mwiti alikuwa amekaribia tohara. Kwetu, mvulana akitahiriwa ugenini anakuwa wa huko. Rika lake ni la huko, mlezi wake wa jandoni ni wa huko, na boma la babaye huzimika. Msichana, nikajiambia, anaweza kungoja wiki moja. Nikamtoa Gatwiri mapajani mwa kaka yake kwa mikono yangu mwenyewe. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia.

Hakulia. Laiti angelia. Aliuliza tu, "Mimi nitakaa wapi?"

"Nitarudi na gari jingine, kubwa. Ijumaa ijayo."

"Ijumaa ni siku ngapi?"

"Saba."

Akaweka kifurushi chini, akainua vidole saba, akavihesabu ili asivipoteze. Nilipowasha moto na kuondoka bado alikuwa amevishika juu hivyo, mkono mmoja umefunguka wote na mwingine vidole viwili. Wawira alikuwa ameweka ungo wake chini, amesimama nyuma yake.

Tulikwenda maili nyingi. Upepo ulikuwa mzuri. Ndiyo, ulikuwa mzuri, na hilo ndilo linalonitia uchungu: gari lile halikujua lolote, liliimba milimani kama kawaida yake. Mwiti alikuwa hajawahi kupanda gari, na kwa muda nikaona uso wake umefunguka. Halafu akaniuliza.

"Hilo gari kubwa utakaloenda nalo Ijumaa, ni la nani?"

"La Mzee."

"Leo lilikuwa wapi?"

"Uani."

Tulipita daraja. Kisha akasema, "Kwa nini hukuja na hilo?"

Nilikanyaga mafuta, mlio ukapanda, nikajifanya sikusikia. Hakuuliza tena, siku ile wala siku nyingine yoyote ya maisha yake.

Tuliingia uani kafyu ikikaribia. Mzee Salehe alikuwa amekaa barazani, sinia la pilau limefunikwa, sahani tatu zimewekwa. Alimtazama Mwiti, akatazama nyuma yake, akalitazama jekundu, kisha akaligeukia la kijivu lililokuwa limelala mahali pale pale nilipoliacha. Hakupaza sauti.

"Fungua mlango wa nyuma wa gari hilo," akaniambia.

Nikafungua.

"Ingia. Kaa."

Nikakaa.

"Umekaa penyewe?"

"Nimekaa, Mzee."

"Hapo unapokaa ndipo Gatwiri angekaa. Basi kaa hapo wewe, ujue ni pana kiasi gani." Akamshika Mwiti mkono, akampeleka kula. Nilikaa katika benchi lile mpaka giza likaziba vioo, na nilijua ni pana kiasi gani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu langu lilikuwa zima. Nililovunja ni la mtoto.

Ijumaa ile haikuja. Wiki hiyo hiyo barabara ya Embu ilifungwa, na Mzee aliponyenyekea tena alifukuzwa ofisini. Mwezi wa pili nikaambiwa kijiji kimeunganishwa na kingine, sijui kipi. Mwaka uliofuata dereva mmoja akaniletea habari kwamba tata Ciarunji alikufa kwa homa. Ya mtoto hakujua. Nilitumia karatasi nyingi za maombi kiasi kwamba karani alinijua kwa mwandiko wangu wa darasa la nne. Hapana, hapana, hapana. Miaka minne, mwanangu.

Ruhusa zilipolegea nilikwenda na la kijivu. Nililiosha ndani na nje, nikatandika blanketi jipya kwenye benchi la nyuma. Nilimkuta kwa Wawira. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, amebeba maji, anazungumza Kiembu cha watu wa pale kiasi kwamba baadhi ya maneno nilimwomba ayarudie. Nikamwambia mimi ni Kirimi. Akanipa mkono kwa adabu, kama anavyopewa mgeni, kisha akaenda kusimama nyuma ya Wawira.

Wawira alinikaribisha uji kabla ya kusema lililopo. Walikuwa wamemzaa kwa mbuzi. Hujui hilo wewe. Mtoto asiye na watu huchinjiwa mbuzi mbele ya wazee, huvishwa kipande cha ngozi yake mkononi, na tangu saa hiyo amezaliwa upya katika ukoo ule, amepewa na jina la kwao. Hakuna hakimu wa kuivunja hiyo.

"Alikungoja," Wawira akaniambia. "Nisikufiche. Kila asubuhi alikuwa akienda langoni. Vidole vilipomwishia alianza upya. Mara ya nne nikasema, mtoto huyu atakufa kwa kuhesabu. Nikaenda kwa wazee."

Ningemlaumu nani? Mwanamke yule alimfanyia mdogo wangu kazi ambayo kifungua mimba alipaswa kuifanya. Nikanywa uji wake, nikarudi Meru na blanketi jipya limekunjwa kama lilivyokuwa.

Gatwiri alipoolewa nilialikwa. Asali na mbuzi wa mahari vilikwenda kwa ukoo wa Wawira, ilivyo haki. Mimi nilikaa na wageni, nikapewa nyama ya wageni. Ilipofika zamu ya kubariki, wakaitwa kaka zake, nami nikainuka nusu kabla sijakumbuka, nikajifanya nanyoosha mgongo. Mwiti, aliyekuwa mwalimu wakati huo huko Mitunguu, alinivuta shati nikakaa.

Siku hiyo hiyo Gatwiri alituuliza. Alikuja kutuaga, amependeza, akasema bila kinyongo, akitabasamu kama anayekumbuka jambo la utotoni: "Lile gari jekundu. Hivi kweli hapakuwa na jingine siku ile?"

Nilifungua kinywa. Mwiti akanitangulia.

"Lilikuwa moja tu," akasema. "Hilo hilo."

Naye akaridhika. Mwiti hakunitazama. Aliubeba uongo ule kwa niaba yangu mpaka mwaka uliopita tulipomzika.

Sasa nasaha, mwanangu, na uishike kwa mikono miwili kama nilivyopewa karatasi ile. Kabla hujachagua gari, wataje kwa majina watakaolipanda. Usiseme "familia yangu," neno hilo ni gunia, mtu huweza kupotea ndani yake. Sema jina moja moja, na kwa kila jina onyesha kiti. Kisha wapime kama walivyo leo, si kama ulivyowaacha mara ya mwisho ulipowatazama vizuri. Na si magari tu. Nyumba, kazi, hata rafiki, kuna jekundu na kuna la kijivu katika kila jambo. Jekundu lina siku yake. Kama Mungu akikupa siku isiyo ya mtu mwingine, nenda, lipande, na mimi nitasimama kando ya barabara nisikie gia ya tatu ikiingia. Lakini siku uliyopewa kwa ajili ya watu, iendee na kitu chenye nafasi ya watu. Hakuna atakayekupigia makofi ukipita. Utafika, watapanda, mtarudi wote. Na usidharau kinachokutumikia bila wimbo. Mimi nimejua thamani ya benchi lile la nyuma likiwa tupu.

Mungu wa Kirinyaga na wa milima ya Nyambene akuongoze barabarani. Mkeo ajifungue salama. Wanao wakue mbele ya macho yako, na pasiwe na asubuhi ambayo mmoja wao atahesabu vidole kwa sababu yako. Nyumba yako isikose kiti, na mgeni akija asimame mwingine, asisimame yeye.

Lililobaki ni langu. Gatwiri yu hai, bibi mwenye wajukuu, huko huko karibu na Runyenjes. Kila Desemba hunitumia mafungu ya ndizi na salamu, huniita "kaka" kwa ile adabu ya mgeni. Mwiti alipokuwa hai nilijificha nyuma ya uongo wake. Sasa hakuna tena wa kuubeba, na mwenye kujua kwamba siku ile palikuwa na gari la milango minne uani, ufunguo wake msumarini, ni mimi peke yangu na wewe uliyesoma hapa. Mimi simdai kitu. Yeye ananidai neno moja la kweli, na umri wangu haunipi Ijumaa nyingi.

Siku nitakayokuwa tayari kwenda kumwambia, nitakupigia simu uje unichukue. Simu iko hapa mezani. Bado sijapiga.